Hotipoti ya Bi Khole

Wenzake wote walishavua barakoa zamani, ila Dorothy aliendelea kuivaa yake kila akiingia zamu. Aliyemuuliza kama angali anaogopa korona alipewa jibu lake hapohapo: "Korona gani? Naogopa vitu vya watu."

Na ungekuwa wewe ungeivaa pia. Dorothy aliwekwa kaunta ya nyuma, katika duka kubwa la vyombo na zawadi upande wa Seeb, huko Oman, na kazi zake zilikuwa mbili. Asubuhi alifunga zawadi: karatasi ya kumetameta, utepe, ua la plastiki juu. Jioni alipokea zawadi zilezile zikirudi. Blenda ilirudi na ndizi iliyokaukia chini ya visu, na mwenye nayo anaapa kwamba haijaguswa na mkono wa mtu. Mashine ya kukaushia nywele ilirudi na nywele zake. Siku moja mama mmoja, dhahabu imempanda mpaka viwikoni, alimwekea mbele ya pua mashine ya kusugulia miguu, na ndani yake mlikuwa na magaga. Magaga ya watu, jamani! Dorothy alikimbia chooni, akarudi macho mekundu, akamkuta yule mama angali palepale anauliza kadi yake iko wapi.

Balaa lote hili lililetwa na kijikaratasi kimoja kinachoitwa risiti ya zawadi. Kama hukijui, ni hivi. Unanunua kitu cha kumpa mtu, keshia anakutolea risiti mbili. Moja ni yako, ina bei. Nyingine haina bei, ina mistari tu ya kusomwa na mashine, na hiyo unaitia kwenye zawadi yenyewe. Aliyepewa asipokipenda kitu, anakuja nacho na karatasi yake kabla mwezi haujaisha, anabadilishiwa kingine au anapewa kadi ya kununulia humohumo dukani. Pesa mkononi hapewi. Jina haulizwi. Mwenye karatasi ndiye mwenye mali, na aliyetoa zawadi hajui lolote, wala hakuna ruhusa ya kumwambia. Wael, msimamizi wa duka, aliliimba hilo kila mkutano wa asubuhi: siri ya mteja, siri ya mteja. Waliobuni mpango huo walidhani wanawaepusha watu na aibu. Dorothy aliona wamewapa watu ruhusa ya kukosa haya, na watu wameipokea kwa mikono miwili.

Kwao Vihiga mtu akikuletea kuku unampokea, hata kama unaona wazi kuku mwenyewe ana kideri. Unasema asante, unamkaribisha mgeni chai, kuku mtajuana naye baadaye. Hapa watu waliipekua zawadi kutafuta karatasi kabla hawajaitazama zawadi yenyewe. Baada ya Idi ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, foleni inafika mpaka kwenye mazulia, na kila mmoja kabeba alichopewa na shangazi yake kana kwamba kabeba panya aliyekufa. Dorothy alirudi chumbani kwake Wadi Kabir akaoga mara mbili, na bado alijisikia mchafu.

Kwa hiyo Bi Khole alipotokea, Dorothy alimpenda mara moja. Alikuwa mama wa Kiomani aliyezaliwa Unguja, mwembamba, mjane, buibui lake limepauka mabegani. Alimsikia Dorothy akilaani gundi iliyomgandisha vidole, akaisogelea sauti ile.

"We mtoto, Kiswahili umekitoa wapi?"

"Mimi ni Mkenya, mama."

"Mkenya wa Mombasa?"

"Hapana, wa bara. Vihiga."

"Ahaa. Ndo maana Kiswahili chako kinatembea na viatu," alisema Bi Khole, na wote wawili wakacheka.

Alikuja na kuondoka, akaja tena, wiki nzima anachagua hotipoti moja. Hii mfuniko wake hauzibi sawasawa. Ile maua yake kama ya kaburini. Mwishowe aliipata, kubwa, nyeupe, ina maua ya dhahabu na mfuniko wa kuzungusha unaoziba kikwelikweli, akaileta kaunta ya Dorothy ifungwe.

"Ni ya nani hii, Bi Khole?"

"Ya dada'angu, Mahbuba. Kafanyiwa operesheni ya macho. Hatusemezani."

"Ai! Hamsemezani na unamnunulia hotipoti?"

"We nawe! Si ndo nnataka tusemezane? Tungekuwa twasemezana ningehangaika yote haya?"

Akalieleza jambo lote huku amejiegemeza kwenye kaunta. Wao wawili walifunzwa na mama yao kupika udi, ule wa nyumbani, unaopikwa na mafuta na marashi na sukari motoni, na kila mwanamke ana mkono wake. Miaka mitatu nyuma, harusini Barka, Bi Khole alipita na chetezo chake kuwafukizia wageni. Mahbuba akapaza sauti mbele ya wanawake wote: jamani fungueni madirisha, udi wa Khole unanuka sukari iliyoungua. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Bi Khole alikibeba chetezo chake kingali na moto, akatoka, na tangu siku ile wamepishana kwenye matanga kama watu wasiojuana.

Alipomaliza kusema alitoa mkobani kifurushi cha kitambaa cheupe kilichofungwa fundo, akakitia ndani ya hotipoti, akazungusha mfuniko mpaka ukagoma.

"Chombo sisi hatumpelekei mtu kitupu," alisema. "Ni aibu."

"Umeweka nini?"

"Udi." Bi Khole alitazama pembeni, akasema kwa sauti ndogo, "Nimepunguza sukari. Mimi simpigii simu wala simwombi radhi, mkosa si mimi. Lakini akiunusa atajua. Na akijua atapiga."

Basi ilikuwa hivyo. Bibi wa watu alikuwa ameiweka heshima yake yote ndani ya hotipoti, na alichotaka ni simu tu.

Dorothy alifunga, akachukua risiti ya zawadi ili aitie chini ya karatasi, Bi Khole akamshika mkono. Alitaka kujua ile nini. Dorothy akamweleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo uso wa bibi ulivyokunjamana.

"Yaani nampa mtu kitu, halafu nampa na karatasi ya kukitupia? Astaghfirullah! Nani kawafundisha uchafu huu? Toa! Toa, sitaki kuiona!"

Dorothy akaitoa. Lakini Wael alikuwa kasimama nyuma yake, mikono kaikunja, na sheria ya duka ilikuwa kwamba hakuna kitu kinachofungwa bila karatasi ile. Bi Khole alipoinama kutafuta miwani yake mkobani, Dorothy aliisukuma risiti chini kabisa ya boksi, kwenye mkunjo, akabandika. Mkono ulishazoea. Alijiambia hakuna atakayeiona, akamkabidhi Bi Khole boksi lake kwa tabasamu, na dereva wa mwanawe akalipeleka kwa Mahbuba jioni ileile.

Bi Khole alirudi dukani baada ya siku chache, hakununua kitu.

"Hajapiga," alisema.

"Labda macho hayajapona, Bi Khole."

"Kwani kafanyiwa operesheni ya pua?"

Alirudi tena wiki ya pili. Safari hii hata viatu vya Kiswahili cha Dorothy hakuvitania. Alikaa kwenye benchi karibu na kaunta, mkoba mapajani, akauliza kama udi unaweza kuharibika ndani ya hotipoti, Dorothy akasema hadhani. Mara ya mwisho alikuja akiwa mkavu kabisa.

"Khalas. Nimenawa mikono. Nshawambia wanangu, nikifa yule asije kunitazama, na akifa yeye mimi siendi. Nimempelekea mkono akautemea mate. Mimi si mbwa."

Akaondoka. Dorothy alimtazama akiteremka ngazi, akaona jinsi alivyokuwa anashika chuma kwa mikono yote miwili. Hakula chakula chake cha mchana siku hiyo.

Siku tatu nne zikapita. Jioni moja akaja mwanamke kijana, kapendeza, manukato yake yanafika kabla yake, anasukuma toroli limejaa maboksi ya zawadi. Nyuma yake alikuwa anamwongoza bibi mmoja mnene mwenye miwani myeusi, akamketisha kwenye lile benchi la pembeni. "Kaa hapa, mama, sikawii," alimwambia kwa Kiswahili, kisha akaja kaunta akatoa kibanio cha nywele kilichobana risiti za zawadi. Zote zimepangwa, zimenyooshwa. Dorothy alizihesabu kwa macho.

"Zote hizi, dada?" aliuliza kwa Kiswahili.

"Kumbe Kiswahili wakijua! Afadhali." Yule mwanamke alilegea, akaanza kupanga maboksi juu ya kaunta. Jina lake Buthaina, akajitambulisha mwenyewe, wala hakuulizwa. "Mama mkwe wangu alipasuliwa macho. Sasa kila mtu analeta chombo, mwengine hata haingii, anamtuma dereva. Chupa za chai tunazo za kufungulia mkahawa. Nataka kadi moja tu, nna sherehe za watoto mwezi huu mpaka nnachoka."

"Na mwenyewe ameviona?"

"Ataviona vipi, na macho yenyewe yalikuwa na bandeji?" alijibu Buthaina, akacheka kidogo, akatoa kioo akajitazama midomo.

Dorothy alichukua boksi la kwanza, la pili. Hayakuwa na kosa. Hayakuwa na ndizi wala nywele wala magaga, yalikuwa safi kabisa, na hapo ndipo alipogundua kwamba katika uozo wote uliopita juu ya kaunta ile hakuna uliowahi kumtia kinyaa namna hii. Mtu anaukalia mlango wa mgonjwa anapokea mapenzi ya watu, anayageuza kadi!

Kisha akalivuta boksi la tatu, akaligeuza. Utepe ulikuwa wake. Ua lilikuwa lake, analijua, lilikuwa na jani moja lililokatika. Karatasi yote ilikuwa nzima ila ilichanwa kona moja tu, chini kabisa, pale alipoificha risiti kwa mkono wake mwenyewe. Haki ya nani! Bi Khole alisema toa, sitaki kuiona. Kinyaa kilichompanda sasa hakikuwa cha Buthaina peke yake.

Akageuka kumtazama yule bibi kwenye benchi. Miwani myeusi, mikono imetulia mapajani, kidevu kilekile cha Bi Khole, ila kilichonona.

Angefanya nini? Akimkatalia Buthaina, karatasi anayo, mwezi haujaisha, boksi halijafunguliwa. Atalipeleka tawi jingine, hadithi imekwisha. Akifungua mdomo kusema zawadi hii imetoka kwa nani, Wael yule pale, na kibali cha Dorothy cha kukaa Oman kimefungwa na kazi hii. Siri ya mteja. Lakini sheria za duka zilikuwa nyingi, na Dorothy alizijua zote, hata zile ambazo hazikuwahi kumfaa kitu.

"Lazima tukague, dada."

"Ukague nini? Huoni halijafunguliwa? Karatasi yenu wenyewe hiyo."

"Ni sheria. Kila kinachorudi kinafunguliwa."

"Yallah, fungua, fanya haraka."

"Hapa pamejaa," alisema Dorothy, na kweli palikuwa pamejaa. Akalibeba boksi, akaizunguka kaunta, akaliweka juu ya benchi, kando ya yule bibi. Akachana karatasi. Akavua barakoa. Kisha akaushika ule mfuniko akauzungusha kwa nguvu zake zote, maana Bi Khole aliukaza kwelikweli.

Harufu ilitoka yote kwa pamoja. Bi Mahbuba alikuwa ananung'unika kwamba duka lina baridi kama mochari, akanyamaza katikati ya neno. Akauinua uso.

"Nani anafukiza?"

"Hakuna anayefukiza, bibi," Dorothy alijibu.

"Nipe."

Dorothy akamwekea kifurushi kiganjani. Vidole vikalipapasa fundo, vikalizunguka, vikasimama. Bibi alikipeleka puani akakaa nacho hapo, kifua kinapanda na kushuka.

"Khole huyu," alisema.

Buthaina alishafika mbio. "Khole gani, mama? Vitu vya dukani hivyo, wanatia manukato vinukie."

"Buthaina. Mimi nilifungwa macho tu." Bi Mahbuba hakupandisha sauti. "Fundo hili alitufunza mama, hakuna duka linalolifunga. Kitu hiki kimekuja lini kwangu?"

Dorothy aliuma midomo yake. Wael alikuwa anawatazama kwa mbali. Buthaina alimtazama Dorothy akitaka asaidiwe, na Dorothy akamrudishia macho makavu.

"Kilikuja na dereva, mama. Vilikuwa vingi, sikumbuki lini."

"Mimi nilikuuliza. Kila siku, unaniosha uso, nakuuliza. Khole hajaleta hata salamu? Ukanambia hajaleta."

"Hakuleta salamu, mama," alisema Buthaina. "Alileta hotipoti."

Wallahi alisema hivyo! Na aliamini amejibu vizuri, maana aliitazama kaunta kuona kama kadi yake iko tayari. Bi Mahbuba alinyoosha mkono gizani mwake mpaka akalifikia toroli, akaanza kugusa maboksi, moja baada ya jingine, tepe zake, maua yake. Alipofika la mwisho aliurudisha mkono akaufuta kwenye buibui lake, mbele na nyuma, akafuta tena.

"Ptu!" alitema pembeni, kavukavu. "Nimekula mkononi mwako mwezi mzima."

Buthaina akaanza kusema hajakusudia, kwamba nyumba imejaa, kwamba hata Thabit, mumewe, alisema vyombo vipunguzwe. Hakuna aliyemsikiliza.

"Mwanangu," Bi Mahbuba alimgeukia Dorothy, "simu unayo?"

Buthaina akamnyooshea ya kwake. Bibi akausukuma mkono ule. Dorothy akaleta simu ya kaunta, na kama Wael atakuja basi na aje.

"Namba utaijua, bibi? Nikutafutie?"

Bi Mahbuba hakungoja. Aliitaja yote kwa kichwa, tarakimu kwa tarakimu, hakusita hata mahali pamoja, na Dorothy akabonyeza. Miaka mitatu hakuwa amempigia. Ikalia mara moja, ikalia tena. Bi Khole huongea na simu kana kwamba yuko ng'ambo ya bonde, kwa hiyo kila mtu pale alimsikia.

"Nani?"

Bi Mahbuba aliisogeza simu sikioni. Kifurushi kilikuwa bado puani.

"Bado sukari imezidi," alisema.

Dorothy akadhani laini imekatika. Watu wawili kwenye foleni walikuwa wameacha kulalamika. Kisha ikaja sauti ya Bi Khole, kali, imekwaruza:

"Kwani nimekuletea uufukize, au uutie kwenye chai?"

Bi Mahbuba akacheka mpaka miwani ikamteremka puani, na machozi aliyokatazwa na daktari yakamtoka hayohayo, yakamshuka mpaka kidevuni, naye hakuyafuta. "Khole," alikuwa anasema, "Khole, we Khole," na huko upande wa pili mtu alikuwa anapenga kamasi kwa kishindo.

Dorothy aliirudisha barakoa usoni, akarudi nyuma ya kaunta. Buthaina alikuwa keshatangulia pale, ile risiti mkononi.

"Haya, na hii?" alinong'ona. "Kadi yake utanipa?"

Dorothy alimtazama kuanzia juu mpaka chini. Akaichukua ile karatasi isiyo na bei, akaichana vipande, akavitia kwenye pipa la taka pamoja na pamba za kufutia kaunta.

"Pole, dada," alisema. "Hiyo imeshatumika."